Kona ya Nyumba ya Chini

Kila jioni Kisa alishuka hadi nyumba ya chini, akaweka sahani ya chakula juu ya kigoda nje ya mlango, akakohoa, akaondoka bila kugeuka nyuma. Kikohozi ndicho kilichokuwa lugha ya taifa katika ua ule. Kulikuwa na kikohozi cha chakula, kikohozi cha maji ya kuoga, na kikohozi cha kuarifu kwamba mkamwana anakatiza kwenda kisimani, hivyo baba mkwe atazame upande wa pili. Mpita njia angedhani ile ni familia yenye kifua kikuu.

Ilikuwa familia yenye adabu tu. Mzee Andongwisye alikuwa baba wa mume wa Kisa, na kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, haketi naye chini ya paa moja wala hatamki jina lake. Heshima hiyo huitwa ukutila. Siku hizi Kyela imelegea. Wapo wakamwana wanaokula meza moja na baba wakwe zao na kugombania rimoti. Lakini Mzee Andongwisye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kale kwa wakati mmoja, na watu wa namna hiyo hawalegei, huvunjika tu. Tangu Kisa aolewe pale Ndandalo hakuwahi kuuona uso wa mkwewe vizuri. Alichokifahamu zaidi ni mgongo.

Mambo yalikwenda sawa kwa sababu ua ulikuwa na matarishi wawili. Bibi Veronika, mke wa mzee, alibeba maneno ya nyumba ya chini na kuyapandisha nyumba ya juu kwa Kisa, akarudi na majibu, akiyatia chumvi njiani kadiri alivyoona inafaa. Neema, binti wa Kisa, alibeba yaliyosalia. Kisha Neema akaenda bweni kuanza kidato cha kwanza, na masika hayajaisha Bibi Veronika akafariki. Mume wa Kisa, Lugano, alikuwa Tunduma akiendesha lori la mtu. Wakabaki watu wawili katika ua mmoja wa migomba na kakao, na hakuna aliyeruhusiwa kumwambia mwenzake pole.

Kwa muda Kisa alijifariji na sahani. Kila asubuhi aliikuta kigodani imekwanguliwa safi, iwe ilipelekwa wali na usipa, dagaa wa ziwani, au mbalaga ya ndizi. Mtu anayekula, alijiambia, ni mtu aliye salama. Kosa hilo lingeweza kufanywa na mpishi yeyote asiyeruhusiwa kumwona mlaji.

Aliyekuwa anaonekana ni mbwa. Aliitwa Diwani, kwa sababu ya kulala mchana na kujitokeza wakati wa kugawa. Diwani alinenepa hadi akawa anapanda ngazi za baraza kwa kupumzika katikati. Siku moja Kisa alitoka kisimani kwa njia ya nyuma, bila kukohoa maana mikono ilikuwa na ndoo na akili ilikuwa mbali, akaona mkono mwembamba ukitoka mlangoni mwa nyumba ya chini na kuinamisha sahani. Diwani akala kwa utulivu wa mwenye haki. Mkono ukarudi ndani. Kisa alisimama na ndoo kichwani hadi maji yakamshuka shingoni.

*

Jumapili iliyofuata alimwona jirani yao Andrea kanisani amevaa koti la kijivu lililokuwa la mzee. Ibada ilipokwisha akamfuata nje.

"Baba Eliud, hilo koti."

"Amenipa," Andrea akasema, akilivuta kidogo mabegani kana kwamba lilikuwa linataka kumkimbia. "Na panga amenipa. Redio amempa katekista. Anasema huko anakokwenda havihitajiki."

"Anakwenda wapi?"

Andrea alitazama viatu vyake. "Sikumuuliza, mama Neema. Nilidhani Tunduma."

Kisa alirudi nyumbani akampigia mumewe. Lugano alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani na sauti yake ilikuja na honi ndani yake. Alisema baba ni mzee na wazee huwa hivyo. Kisa akasema wazee hawagawi makoti masika. Lugano akasema basi mpeleke hospitali. Kisa akauliza atampelekaje mtu asiyeweza kumwambia twende. Lugano akasema hilo ni suala la kiutawala na yeye yuko mbali, ila nauli atatuma. Akatuma nauli ya pikipiki moja.

Andrea alibebeshwa kazi ya kumshawishi mzee, na kabla ya hapo akaita wazee wenzake waketi wajadili jambo hilo. Kikao kilifunguliwa kwa sala. Mmoja alisema ni mkono wa mtu. Wa pili alisema ni upungufu wa maombi. Wa tatu, ambaye dada yake alikuwa mjane mwenye shamba la mpunga, alisema mzee anahitaji mke tu, na akaonyesha kwamba ukoo wake uko tayari kusaidia. Hakuna aliyesema kwamba mzee ana huzuni. Huzuni ilikuwa kitu cha matanga, na matanga yalishakwisha. Watu walishakula, wakashukuru, wakarudi mashambani kwao.

Mwishowe Andrea alimwambia mzee kwamba kituo cha afya kinawapima wazee presha bure. Ulikuwa uongo wa nusu, na Andrea, akiwa ndani ya koti la mzee mwenyewe, aliusema akitazama chini.

*

Mzee akapanda pikipiki. Kisa akaenda kwa miguu, kwa sababu nauli ilikuwa moja na hata ingekuwa mbili asingepanda chombo kimoja naye. Alifika kituoni sketi ina tope hadi magotini. Mzee alikuwa amekaa mwisho wa benchi, uso ameuelekeza ukutani, akilisoma bango la unyonyeshaji wa watoto kwa umakini mkubwa.

Dirishani kijana wa mapokezi aliuliza jina la mgonjwa. Kisa akasema ni baba mkwe wake.

"Jina lake, mama."

"Ni yule pale."

"Yule pale anaitwa nani?"

Foleni ikasogea ili isikie vizuri. Kisa alifungua mdomo na kuufunga. Alilijua jina hilo kama anavyolijua la kwake, lilikuwa kwenye vyeti vya mumewe na vya mtoto wake, lakini ulimi wake haukuwahi kupita hapo. Akasema babu yake Neema. Kijana akauliza Neema ndiye mgonjwa? Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akacheka, si kwa ubaya, akamwambia kijana kwamba huyu dada hawezi. Kijana akasema kama hawezi kutaja jina amlete anayeweza, wengine wanasubiri.

"Andongwisye," ikasema sauti kutoka mwisho wa benchi. Mzee hakugeuka. Aliliambia bango. Kijana akaandika, na Kisa akabaki ameshika ukingo wa dirisha, masikio yanawaka.

Muuguzi aliyesomea ushauri nasaha aliitwa Hanifa. Alikuwa amehamishwa kutoka Lindi mwaka uliotangulia, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua, na alikuwa na moyo wa kazi ambao bado haujapata kutu. Alisikiliza maelezo ya Kisa mlangoni: haongei, hali chakula, anagawa vitu. Akatikisa kichwa kwa uzito. Kisha akapanga viti viwili vitazamane, akamwita mzee aingie, akafunga mlango.

Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kuwa ndani ya chumba kimoja. Mzee alivua kofia yake akaiweka usoni. Kisa alijifunika khanga kichwa kizima na kugeukia rafu ya vyandarua. Hanifa alitazama kofia, akatazama khanga, akadhani ameona kiini cha tatizo.

"Tuanze kwa kutazamana," akasema kwa upole. "Familia nyingi zimeacha kutazamana."

Hakuna aliyetazama kitu. Hanifa akasogea, akamshika Kisa bega ili amgeuze. Ndipo mzee alipoinuka, kofia ikiwa bado usoni, akapapasa hadi kwenye kitasa na kutoka. Nje alipita katikati ya foleni yote akiwa hivyo hivyo, mtu mrefu asiye na uso, akagonga ndoo ya mfagizi, ikamwagika. Watoto walicheka. Mama zao wakawaziba midomo wakicheka pia. Mzee aliivua kofia alipofika barabarani tu, akarudi nyumbani kwa miguu, na Kisa nyuma yake kwa umbali wa kutosha kwamba wasingeonekana wako pamoja. Mvua ikawanyeshea wote wawili, kila mmoja peke yake.

*

Tangu siku ile mzee hakutoka nje kabisa. Usiku alilala chali akisikiliza bati. Alikuwa na swali moja, alilokuwa nalo tangu siku ya kifo, na mwenye jibu alikuwa mtu yule yule ambaye mzee hakuweza kumuuliza. Swali la namna hiyo huozea ndani kama kakao iliyofunikwa muda mrefu mno.

Upande wa juu Kisa naye hakulala. Jioni, akiwa jikoni, alizoea kuzungumza na mama mkwe. Wawili hao walikuwa wakisengenya kijiji kizima wakimenya ndizi. Sasa alizungumza na moshi. Alijaribu kumwambia Diwani habari za Neema bwenini, na Diwani akalala. Mara nyingine alijikuta ameketi, kisu mkononi, hajui amekaa hivyo tangu lini. Na alikuwa na jambo lake, ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe.

Hanifa alikuja Alhamisi kwa pikipiki. Wanawake wa foleni walikuwa wamemweleza kosa lake, wengine kwa furaha iliyopita kiasi, na alikuwa amelala nalo vibaya. Alimwamkia Kisa, akamwomba radhi, akaenda mlangoni mwa nyumba ya chini na kuomba radhi mara ya pili, kwa mlango uliofungwa.

"Shikamoo, babu. Ni yule wa viti."

Akabisha tena.

"Nimekuja bila viti."

Baada ya muda mlango ulifunguka. Mzee alitoka, akakaa barazani akitazama kakao. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba na kamba ilikuwa na mafundo mengi. Hanifa akamwita Kisa, akamketisha chini ubavuni mwa nyumba, mahali ambapo ukuta unamficha asionekane kutoka barazani. Yeye mwenyewe akakaa kwenye kona, nje ya paa, ambako aliwaona wote wawili na wao hawakuonana. Alikaa pale kama refa wa mchezo asiojua sheria zake.

Aliuliza mambo madogo kwanza. Analalaje. Mwili unauma wapi. Mzee alijibu kwa neno moja moja, na wakati mwingine kwa kidole. Kisha Hanifa akamuuliza waziwazi, kwani alifundishwa kwamba kuuliza hakuleti jambo lisilokuwepo:

"Babu, unawaza kufa?"

Mzee aliangalia mikono yake. "Nangoja tu. Kungoja si dhambi."

"Na chakula?"

"Kinanichelewesha."

Nyuma ya ukuta Kisa aliingiza ncha ya khanga mdomoni.

Hanifa akamuuliza ni jambo gani linalomjia kila akifumba macho. Jogoo wa jirani aliwika bila sababu. Dereva wa pikipiki, aliyekuwa anasubiri barabarani, alianza kuimba, akaacha. Mzee alipozungumza hakuwa anamtazama Hanifa tena.

"Mke wangu alipozidiwa wakamhamishia nyumba ya juu, auguzwe vizuri. Aliuguzwa vizuri, sina neno. Lakini mimi ile nyumba siingii, ni ya mkamwana. Siku ile nilisimama nje ya dirisha tangu asubuhi. Nilisikia sauti yake. Maneno sikuyashika. Halafu sikusikia tena. Tumeishi miaka mingi sana, nesi. Halafu neno lake la mwisho amelisikia mtu nisiyeweza kumuuliza. Niulizie. Alisema nini?"

Hanifa akageuka upande wa pili. Hakuwa na haja ya kurudia swali. Ukuta wa kona hauzuii sauti, kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa amejifanya hajui tangu zamani.

Kisa alikuwa na jibu la uongo lililokuwa tayari. Alilitengeneza wiki ya matanga, akalisafisha vizuri: mama alisali, akawaaga wote kwa majina. Lilikuwa jibu zuri, mchungaji mwenyewe angelipenda. Lilifika hadi kwenye meno.

"Mwambie," akasema, kisha akaanza upya. "Mwambie mama aliuliza nani yuko nje. Nikasema ni tata, baba mkwe. Akasema, mwambie aingie."

Kisa akaendelea haraka, kabla ya kughairi.

"Nilikuwa nimempakata kichwa. Nikawaza nimtume nani. Neema hayupo. Nikawaza nimwite baba Eliud, yuko shambani. Nikasema nimlaze kwanza nitoke nitafute mtu wa kusema. Nilipomlaza akawa amekwisha." Machozi yalikuwa yanamshuka naye hayafuti. "Dirisha lilikuwa wazi, nesi. Alikuwa pale pale, ningenyoosha mkono ningemgusa. Na mdomo ninao. Kama ningemwita angeingia, angemkuta. Mwambie ni mimi niliyemfungia nje."

Hanifa hakumwambia mtu kitu. Chuoni walimfundisha kwamba kimya nacho ni kazi, aachie kimya kifanye. Wakati ule haikuwa ujuzi. Hakuwa na neno. Aliyaona mabega ya mzee yakipanda na kushuka, akaogopa kwamba amekuja kummaliza kabisa. Kakao zilidondosha maji ya mvua ya usiku. Mzee alishika nguzo ya baraza, akainuka nusu, akakaa tena, sasa akiwa karibu zaidi na kona.

"Hata ungeniita," akasema, "nisingeingia."

Sauti haikusimama kwa Hanifa. Ilimpita na kwenda upande wa pili.

"Ningesimama pale pale dirishani. Najijua. Ningesema nyumba ya mkamwana haiingiwi, ningesema watu wataonaje. Ungeniita na nisingeingia, naye angekufa akijua kwamba nimeitwa. Afadhali ulivyonyamaza. Sijui. Lakini hukunifungia wewe."

Kisa aliondoa khanga mdomoni. Hakujua afanye nini na maneno yaliyotumwa kwake bila kubebwa na mtu. Alimtazama Hanifa ili amsaidie kuyapokea, lakini Hanifa alikuwa ametazama chini.

Baada ya kitambo Hanifa alisema, kwa kona na si kwa mtu, kwamba atarudi Alhamisi nyingine, na Alhamisi baada ya hiyo, na kwamba babu asipoonja kitu leo atamlaza kituoni, hilo halina mjadala. Akasubiri aagwe kama ilivyo desturi ya pale, akaelewa kwamba hataagwa, akainuka taratibu. Pikipiki iliwaka barabarani na mlio wake ukapotelea upande wa mjini.

Kona ikabaki tupu. Kisa alijua kwamba sasa anapaswa kuondoka. Hapakuwa na mtu wa kati. Hakuondoka. Alisikia mzee naye hakuingia ndani. Muda ukapita, mrefu kiasi cha kuchemsha maharage.

"Umeanzia mwishoni," mzee akasema upande ule. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Asubuhi yake aliamkaje?"

Kisa aliegemeza mgongo ukutani. Alifikiri kwamba maneno hayatatoka, na kwa kweli yalichelewa.

"Aliamka ananigombeza. Alisema uji wangu umeungua."

"Na ulikuwa umeungua?"

"Ulikuwa umeungua, tata."